Nyaraka ziko kwa mkandarasi: namna ya kuzidai ukiwa Dar es Salaam

"Mama yangu, hizo karatasi sisi hatuna. Anazo mkandarasi."

Kijana wa masijala aliniambia hivyo bila ubaya wowote, huku akinirudishia barua yangu kupitia tundu la dirisha. Hakujua kwamba nami nimekaa ndani ya madirisha ya namna hiyo miaka kumi na tisa, nikifungua majalada, nikigonga mihuri na kuandika namba za folio kwa kalamu nyekundu. Nikamjibu, "Sawa baba. Basi niandikie hivyo hivyo kwamba hamna." Akanitazama kidogo. Akaivuta barua, akaigonga muhuri.

Kilichonipeleka pale ni mtaro. Mkandarasi aliujenga mtaani kwetu, akaumwagia zege upande mmoja wa barabara, upande wa pili akaacha kifusi na nondo zimesimama. Masika yalipoingia maji yakakosa pa kwenda, yakaja sebuleni. Kila tuliyemuuliza alisema kazi imeisha na fedha zimelipwa. Tukataka kuona karatasi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye katika hali kama yetu: mkazi wa Dar ambaye kazi ya serikali mtaani kwake inafanywa na kampuni binafsi, iwe mtaro, barabara, kisima, ulinzi wa zahanati au uzoaji wa taka, naye anataka kujua kilichoandikwa kwenye mkataba na kilicholipwa. Nitakwenda kwa hatua, ila nitakaa zaidi pale ambapo watu wengi hukwama.

Kwanza, jambo ambalo masijala yoyote inalijua

Karatasi ya mkandarasi wa serikali haiwi moja. Mkataba husainiwa nakala kadhaa. Hati ya malipo haiwezi kulipika mpaka iwe imepita kwa mhandisi, ikaingia kwenye jalada, ikaenda kwa mhasibu. Mihtasari ya vikao vya saiti hugawiwa kwa wote waliohudhuria. Kwa hiyo unapoambiwa "anazo mkandarasi", mara nyingi ukweli ni kwamba anazo na yeye. Nakala nyingine imelala kwenye jalada la mradi, pengine ghorofa moja juu ya hapo uliposimama.

Hivyo usianze kwa kumfukuzia mkandarasi. Anza na aliyempa kazi. Anayedaiwa karatasi ni yule aliyetoa fedha ya umma, na mkandarasi anafuata nyuma yake. Hata huko Florida, Marekani, ambako sheria imekwenda mbali kuliko kwetu, utaratibu ni huo: taasisi ya umma inatakiwa kuweka ndani ya mkataba kifungu cha kumbana mkandarasi atunze kumbukumbu na kuzitoa zikihitajika, lakini mwananchi hupeleka maombi yake kwa taasisi.

Sheria inasemaje

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Namna ya kuitumia haki hiyo imewekwa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inayotumika Tanzania Bara tu. Zanzibar wana utaratibu wao. Mambo matatu ndani yake yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza, sheria haiishii kwenye ofisi za serikali. Inazigusa pia taasisi binafsi zilizosajiliwa ambazo zinatumia fedha za umma, au zina taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Mkandarasi anayelipwa kutoka mfuko wa halmashauri yumo. La pili, haki hiyo ni ya raia. Andika kwa jina lako mwenyewe. Ukiandika kwa jina la kikundi cha mtaa au asasi, umempa afisa mlango wa kukuuliza kikundi chenu ni raia wa wapi. La tatu, jibu linatakiwa kutolewa mapema iwezekanavyo na lisizidi siku 30 tangu maombi yapokelewe. Majirani zetu Kenya, ambao nao walitunga sheria yao 2016, wamejiwekea siku 21. Sisi tuna 30, tuzihesabu hizo hizo.

Hatua ya 1: mjue mwenye kazi

Hapa Dar watu hupoteza miezi kwa sababu wamebisha hodi nyumba siyo. Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo zamani lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Lakini si kila kinachojengwa ndani ya manispaa ni cha manispaa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA, na mtaro unaofuata barabara kwa kawaida ni wa mwenye barabara. Maji na majitaka ni DAWASA. Miundombinu ya mwendokasi imejengwa chini ya TANROADS, ilhali usimamizi wa huduma yenyewe ni wa wakala wa DART. Taka ni za halmashauri.

Nenda ukasome kibao cha mradi. Makandarasi wanatakiwa kuweka kibao saitini, na kibao kizuri hutaja mwenye kazi, mkandarasi, mhandisi mshauri, na mara nyingi namba ya mkataba na muda. Kipige picha leo, kwa sababu kazi ikiisha kibao hugeuka mlango wa banda la kuku. Chetu kilikuwa tayari kimepinda, na namba ya mkataba imefunikwa na tangazo la mganga. Tulimwagia maji, tukabandua tangazo, tukaipata.

Kama hakuna kibao, nenda kwa mtendaji wa mtaa au mtendaji wa kata. Wakandarasi hutambulishwa kwao kabla ya kuanza kazi, na mara nyingi barua ya utambulisho ipo kwenye faili la ofisi ile.

Hatua ya 2: chota kilicho wazi kabla ya kuomba kilichofungwa

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo inayotenganisha barua inayojibiwa na barua inayolala. Afisa akiona unajua namba ya zabuni na jina la kampuni, anajua huwezi kuzungushwa.

Anza na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, ulioanza kutumika 2023 ukichukua nafasi ya TANePS. Kwenye ukurasa wake wa mbele huhitaji kuwa mzabuni. Zabuni zilizotangazwa na zilizokwisha kutolewa huonekana. Tafuta kwa jina la taasisi nunuzi, si kwa jina la mtaa wako, maana kichwa cha zabuni kinaweza kusema "ujenzi wa miundombinu ya maji ya mvua, fungu la 2" bila kutaja mtaa wowote. Kazi za kabla ya 2023 usizitafute humo ukakata tamaa, hazimo.

Halafu pita Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Makandarasi wa majengo na wa kazi za ujenzi wa barabara na mitaro wana madaraja kuanzia la kwanza, ambalo ni la juu kabisa, hadi la saba, na kila daraja chini ya la kwanza lina ukomo wa thamani ya kazi inayoweza kupewa. Kampuni ya daraja la chini kukutwa na kazi kubwa ni swali halali la kuuliza. BRELA nako, kwa ada, utapata taarifa za usajili wa kampuni: wakurugenzi, wanahisa, anuani ya ofisi iliyosajiliwa. Anuani hiyo itakufaa baadaye.

Kisha ripoti za CAG. Mkaguzi Mkuu huziwasilisha kwa Rais mwishoni mwa Machi, zikasomwa bungeni Aprili, na baada ya hapo zinawekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usitafute jina la mkandarasi, mara nyingi halimo kwenye maelezo ya juu. Tafuta jina la halmashauri yako, kisha fungua viambatisho vya nyuma. Huko ndiko majedwali yalikojificha: mkataba upi umechelewa, upi umelipwa bila vipimo, upi haukukatwa fidia ya ucheleweshaji.

Kama mradi una fedha za Benki ya Dunia, kama ilivyokuwa kwa DMDP, ule mradi wa kuboresha jiji letu ulioidhinishwa 2015 kwa manispaa za wakati ule za Ilala, Kinondoni na Temeke, una bahati. Benki ina sera yake ya uwazi, na mpango wa ununuzi, tathmini za mazingira na mipango ya kuhamisha watu huwekwa hadharani. Usichokikuta unaweza kukiomba kwao moja kwa moja, na huahidi kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Nimeshaona waraka uliokataliwa Dar ukiwa umebandikwa wazi Washington.

Mwisho, diwani. Kabla ya kikao cha baraza, kila diwani hupewa makabrasha, na ndani yake kuna taarifa ya utekelezaji wa miradi: jina la mkandarasi, thamani ya mkataba, kilicholipwa, asilimia iliyofikiwa. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka na wananchi huruhusiwa kuingia na kusikiliza. Diwani wetu alitupatia kurasa mbili za makabrasha tukiwa kibarazani kwake, huku akila embe. Kurasa hizo mbili zilitupa kianzio bora kuliko wiki tatu za kwenda na kurudi.

Hatua ya 3: itaje karatasi kwa jina lake

Hapa naomba tukae. Ukiandika "naomba taarifa zote kuhusu mradi wa mtaro", utajibiwa kwamba ombi halijajitosheleza, au utapewa kipeperushi. Sheria inakutaka ueleze kwa kina cha kutosha ili afisa aweze kukitambua unachokitaka. Na majalada hayajui "taarifa zote", yanajua majina. Kwenye kazi ya ujenzi, majina ya kukumbuka ni haya.

Mkataba uliosainiwa, na ndani yake masharti maalumu. Masharti ya jumla yanafanana kwenye mikataba mingi; mambo ya kazi yenu, muda, dhamana na fidia ya ucheleweshaji, yako kwenye masharti maalumu.

BOQ. Kila fundi anaijua kwa jina hilo: orodha ya kazi, vipimo na bei, mstari kwa mstari. Bila BOQ huwezi kujua kama zege lile lilitakiwa kuwa na unene gani.

Hati za malipo, ambazo mafundi huziita sertifiketi. Hati ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikionyesha kazi iliyofanyika mpaka siku ile. Lakini hati peke yake ni muhtasari. Ukiiomba, omba na karatasi za vipimo zilizoambatishwa. Huko ndiko inakosomeka kwamba fulani na fulani walipima kutoka nguzo hii mpaka kalavati lile. Watu wengi huomba hati, wakasahau vipimo, wakapata tarakimu zisizoweza kuhakikiwa na yeyote.

Nyongeza za mkataba na maagizo ya mabadiliko ya kazi. Mkandarasi akisema "tulipunguziwa urefu", basi kuna karatasi iliyosema hivyo. Kama haipo, hakupunguziwa.

Mihtasari ya vikao vya saiti na daftari la saiti. Daftari hilo huandikwa kila siku: mvua, idadi ya vibarua, mashine iliyoharibika, nani alikuja kukagua. Hilo kweli linaweza kuwa kwa mkandarasi au kwa mhandisi mshauri, na ndiyo karatasi ambayo jibu la "anayo mkandarasi" huwa na ukweli ndani yake.

Majibu ya maabara ya zege na udongo, hati ya makabidhiano ya awali, orodha ya kasoro, na hati ya kumaliza muda wa matazamio. Hii ya mwisho ina haraka yake. Katika muda wa matazamio mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro na sehemu ya fedha zake huwa imezuiwa. Ukichelewa, fedha zikaachiwa, unabaki na mtaro wako.

Kitu kimoja usikiombe: orodha ya majina ya vibarua na mishahara yao. Itakataliwa kwa sababu ya faragha, na kwa haki, kwani tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba idadi na jumla tu.

Hatua ya 4: barua

Kanuni za 2017 zimeweka fomu ya maombi. Kama ofisi ina fomu, ijaze. Kama wanaitafuta droo hadi droo bila kuiona, peleka barua yako na uambatishe fomu baadaye wakisisitiza. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa ulemavu, anaruhusiwa kusema kwa mdomo na afisa habari anatakiwa kumwandikia.

Yetu ilikuwa hivi, nimeondoa majina:

Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya …,
DAR ES SALAAM.

YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA MKATABA NA. … WA UJENZI WA MTARO, MTAA WA …

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

2. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa mtaa huo. Kwa mujibu wa kifungu cha 5 na cha 10 cha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo:

(a) mkataba uliosainiwa, masharti yake maalumu na BOQ;
(b) hati zote za malipo tangu ya kwanza hadi tarehe ya barua hii, pamoja na karatasi za vipimo zilizoambatishwa;
(c) nyongeza za mkataba na maagizo ya mabadiliko ya kazi, kama yapo;
(d) mihtasari ya vikao vya saiti;
(e) hati ya makabidhiano ya awali na orodha ya kasoro.

3. Endapo waraka wowote kati ya hizo uko kwa mkandarasi au mhandisi mshauri, naomba ofisi yako iuitishe kutoka kwake, au inijulishe kwa maandishi ni nani anao.

4. Endapo sehemu ya waraka haiwezi kutolewa, naomba sehemu hiyo ifunikwe na iliyobaki itolewe, na nitajiwe kifungu cha sheria kilichotumika.

5. Nipo tayari kulipia gharama za kunakili.

Naomba kuwasilisha.

Chini weka saini, jina kamili, anuani na namba ya simu inayopatikana. Aya ya 3 ndiyo roho ya barua. Inamfungia afisa njia ya kukutuma kwa mkandarasi kwa mdomo, maana sasa ni lazima aandike. Na akiitisha, ana nguvu ya kuitisha: mikataba ya kawaida ya serikali humpa mwenye kazi na wakaguzi haki ya kukagua kumbukumbu za mkandarasi.

Usiweke lawama ndani ya barua. Najua inauma, maji yameingia kwenye godoro. Lakini barua yenye neno "wizi" huhamia kwa mwanasheria wa halmashauri siku hiyo hiyo, na kwa mwanasheria barua hukaa. Lawama ziwe na barua yake.

Hatua ya 5: dirishani

Chapa nakala mbili. Zote zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri haikufika, hata kama umekabidhi mkononi mwa mkurugenzi akakushukuru. Siku 30 zinaanzia kwenye tarehe ya muhuri.

Uliza kwa upole, "Imeingia jalada namba ngapi, na imeelekezwa kwa nani?" Hilo swali la pili ni la watu wa ndani. Siku hizi ofisi nyingi zinatumia mfumo wa e-Ofisi, na mwenye masijala anaweza kuona barua imesimama meza gani. Baada ya wiki mbili ukipiga simu ukasema, "Barua yangu iko kwa mhandisi tangu tarehe sita," utajibiwa tofauti na yule anayesema, "Niliwaleteeni barua."

Usitumie mfumo wa e-Mrejesho kwa kazi hii. Ni mzuri kwa malalamiko, lakini maombi ya nyaraka yanataka muhuri.

Na kuna watu watakaokuambia, "Mama, usihangaike, nitakupigia picha jalada usiku." Kataa. Waraka uliogongwa SIRI ukikutwa kwenye simu yako una matatizo yake chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa, na yule kijana atapoteza kazi kwa ajili ya mtaro.

Hatua ya 6: jibu likija, na lisipokuja

Majibu niliyoyaona ni ya aina nne. Wapo wanaotoa, tena wapo wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wanaosema waraka haupo; hilo lipokee kwa maandishi, kwa sababu malipo yasiyo na karatasi ya vipimo ni habari nzito kuliko karatasi yenyewe. Wapo wanaonyamaza.

Na wapo wanaosema ni siri ya biashara. Hili ndilo utakalokutana nalo zaidi kwenye nyaraka za wakandarasi, maana kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia taarifa inayoweza kuathiri maslahi halali ya kibiashara ya mwenye taarifa au ya mtu wa tatu. Ni kifungu cha kweli, kina kazi yake. Mchanganuo wa namna kampuni inavyopanga faida yake, mbinu zake za ujenzi, taarifa zake za benki, hayo ni yake. Lakini thamani ya mkataba imeshawekwa hadharani kwenye NeST, na urefu wa mtaro uko barabarani, mbuzi wanauruka kila siku. Jibu kwa kutenganisha: "Sihitaji mchanganuo wa bei. Nahitaji safu ya vipimo na jumla iliyolipwa." Mara nyingi afisa hutafuta njia ya kukupa bila kujiingiza matatani, na wewe umempa hiyo njia.

Hatua ya 7: kupanda ngazi

Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, naye ana siku 30 za kuamua. Barua iwe fupi: ombi lilikuwa hili, jibu lilikuwa hili, naomba ulipitie. Ambatisha nakala zenye mihuri. Unaweza kuona ni kichekesho kumwandikia tena mkurugenzi yule yule uliyemwandikia mwanzo, lakini barua ya kwanza aliijibu afisa. Ya pili anatakiwa aamue yeye.

Usiporidhika, siku 30 nyingine, unakata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya sheria, na uamuzi wake ni wa mwisho. Kama taarifa unayoidai iko chini ya wizara yake mwenyewe, rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Mimi naona hapa ndipo sheria yetu ilipochechemea. Waziri ni sehemu ya serikali ile ile inayodaiwa karatasi. Kenya wana tume ya kusikiliza malalamiko ya namna hii. Ikifika hapo kaonane na wakili kabla ya kuandika chochote. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria, na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kinaweza kukuelekeza.

Kama kinachokusumbua si karatasi bali rushwa, hiyo ni TAKUKURU, namba 113 bila malipo. Wao watachunguza, lakini usitegemee wakukabidhi nyaraka.

Kumwandikia mkandarasi mwenyewe

Ukishapata jibu la maandishi kwamba waraka uko kwake, ndipo sasa umwandikie. Barua iende kwenye anuani ya BRELA, kwa mkurugenzi mtendaji, nakala kwa halmashauri, na utaje kwamba kampuni inatumia fedha za umma chini ya mkataba namba fulani. Omba kitu kimoja au viwili tu. Mhandisi wa saiti usimpelekee. Atakuonea huruma, atakunywesha chai, na barua itabaki kwenye dashibodi ya gari.

Wakandarasi wa taka ni sura nyingine kidogo, kwani wao huchukua fedha mlangoni kwako. Omba halmashauri mkataba wao, ramani ya eneo walilopewa, ratiba ya magari, na sheria ndogo inayoweka viwango vya ada. Omba pia stakabadhi za kumwaga taka dampo la Pugu Kinyamwezi kwa mwezi mmoja unaoutaja. Ratiba ikisema gari linapita mara mbili kwa wiki na stakabadhi zikaonyesha safari tatu mwezi mzima, mazungumzo na mwenyekiti wa mtaa yatakuwa mafupi.

Ukizipata

Usiziposti kwenye grupu la mtaa siku hiyo hiyo. Sheria ya taarifa inakataza kupotosha ulichopewa, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa anayesambaza uongo. Ukurasa mmoja uliokatwa juu na chini, ukasindikizwa na sauti ya mtu mwenye hasira, unaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji. Soma kwanza, tena na mtu anayejua ujenzi.

Sisi tulipewa kurasa kumi na nne, siku ya ishirini na sita. Mkataba, BOQ, hati mbili za malipo. Jirani yetu ni fundi wa mabomba. Alikuja na utepe wa mita hamsini, tukatembea na mtaro kuanzia kalavati hadi pale nondo zilipoachwa, watoto wakishika ncha. Hati ya pili ilisema mita 640 za zege zimekamilika. Utepe ulisoma 388. Tukarudia kupima tukidhani tumekosea, utepe ukasoma 388 tena, na baada ya hapo ni mchanga.

Karatasi za vipimo ndizo hazikuwamo kwenye kile kifurushi. Barua ya pili tuliiandika usiku ule ule, ikaomba hizo peke yake. Asubuhi nilikuwa dirishani, na kijana alipoona ni mimi akachukua muhuri kabla sijasema neno.